Vitunguu vya Daraja la Mshikamano

Jamhuri ya Ustawini haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji atakayedhani anaitambua ajue amekosea. Labda ameifananisha na nchi nyingine aliyowahi kupangia foleni. Ustawini ni nchi njema. Mvua hunyesha huko kwa ratiba iliyoidhinishwa, na isiponyesha huitwa mvua kavu, wananchi wakaombwa kuipokea kwa shukrani.

Nchi hiyo ilikuwa na kamusi elezo yake mtandaoni, watu wote wakiiita Elezo tu. Mwenye simu na bando aliweza kuandika makala humo, na mwingine yeyote aliweza kuifuta. Katikati ya hao wawili walisimama wasimamizi wa kujitolea, watu wasiolipwa wala kushukuriwa, ambao kazi yao ilikuwa kuamua ni nani kati ya wagombanao aliyekuwa na chanzo. Chanzo ni maandishi yaliyochapishwa na mtu mwingine, mahali pengine. Bila hicho, hata ukiandika kwamba jua huchomoza asubuhi, sentensi yako hupigwa alama nyekundu, na ukirudi baada ya chai huikuti.

Katika wasimamizi wote hakukuwa na mkali kama Bi. Sikitu Mwambungu wa mji wa Mtokoma. Mchana alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Alipita sokoni na mkoba wenye mawe yake ya shaba ya kupimia uzito, na wauza dagaa walipomwona kwa mbali walianza kukohoa mmoja baada ya mwingine, kikohozi kikatangulia mbele yake mpaka mwisho wa soko kama taarifa ya habari. Jioni alivua viatu, akafungua kompyuta yake mpakato, akaendelea kupima, safari hii maneno. Aliwahi kuifuta makala ya shangazi yake, kiongozi wa kwaya mashuhuri, kwa sababu chanzo chake pekee kilikuwa shangazi. Tangu hapo shangazi alimwalika kwenye misiba tu.

Mtu mmoja tu alimkosesha raha humo ndani, naye alijiita Jongoo wa Kitelewasi. Kitelewasi ni mji unaotazamana na Mtokoma, mto Lukwika ukipita katikati, na juu ya mto huo lilikuwepo Daraja la Mshikamano. Jongoo aliandika kwamba daraja hilo lipo Kitelewasi. Bi. Sikitu akarekebisha kuwa lipo Mtokoma. Jongoo akarudisha. Wakaenda hivyo miaka, na ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo ukawa mrefu kuliko daraja lenyewe. Waliitana “ndugu mhariri mwenzangu” kwa namna ambayo msomaji aliona meno. Hawakuwahi kuonana. Kila mmoja angeweza kutembea kwa miguu hadi kwa mwenzake wakanywa chai wakayamaliza, ila ingebidi wavuke daraja, na hapo swali la nani anamtembelea nani lingehitaji chanzo.

Basi Jumamosi moja asubuhi daraja likaanguka.

Bi. Sikitu alikuwa ukingoni siku hiyo, akimkagua muuza perege. Alisikia mlio kama wa mtu mnene anayeinuka kitini, akageuka, akaona nguzo ya kati ikipiga magoti, kisha daraja zima likaifuata taratibu, bila ghasia. Juu yake hakuwepo mtu, alikuwepo mbuzi mmoja, aliyeruka akatua upande wa Kitelewasi, na mpaka leo hataki kusikia habari za kurudi. Maji yalipanda, yakashuka. Muuza perege alitumia nafasi hiyo kuondoa kipande cha madini ya risasi alichobandika chini ya mizani yake, na kwa mara ya kwanza maishani Bi. Sikitu aliona jambo kama hilo asiseme kitu.

Alirudi nyumbani mbio mbio, akaifungua makala. Mstari wa kwanza ulisema: “Daraja la Mshikamano ni daraja imara.” Aliweka vidole kwenye vibonye, akaandika kwamba limeanguka leo asubuhi. Kisha akafika mahali pa kuweka chanzo, na vidole vikasimama. Gazeti lililokuwepo Ustawini lilikuwa moja, la serikali, na siku hiyo ukurasa wa kwanza ulikuwa na habari za furaha ya wananchi. Redio ilicheza muziki. Alikuwa na macho yake mawili tu, na kanuni aliyoitumia kuwafuta mamia ya watu ilisema wazi kwamba macho ya mhariri si chanzo. Akafuta alichoandika.

Akiwa bado anaitazama skrini, makala ikabadilika. Jongoo wa Kitelewasi ameandika: “Daraja hili halipo. Nimesimama hapa naliona lisivyokuwepo.”

Hata leo Bi. Sikitu hawezi kueleza kilichomtokea. Labda ni mazoea, kama mkono unavyomfukuza nzi kabla kichwa hakijamwona. Alibonyeza kitufe cha kurudisha, akaandika sababu: “Hakuna chanzo.” Daraja likasimama tena, imara.

Siku chache baadaye likaja lori la vitunguu kutoka nyanda za juu, likielekea mji mkuu. Dereva wake, kijana mmoja mwangalifu aitwaye Chikambo, alikuwa na desturi ya kuisoma njia yake kwenye Elezo kabla ya kuondoka. Alisoma kwamba daraja ni imara. Alipofika kulikuwa na ukungu, na ukungu Ustawini hauna kosa, una kibali. Lori lilikwenda hadi barabara ilipoishia, likaendelea kidogo kwa heshima, kisha likaingia mtoni.

Chikambo aliokolewa na wavuvi, amekumbatia tairi la akiba, vitunguu vikielea kumzunguka. Bi. Sikitu alikuwa miongoni mwa waliokimbilia ukingoni na mablanketi. Kijana alitetemeka mpaka meno yakagongana, lakini hakumlaumu mtu. Alirudia tu, kama anayetafuta kosa lake lilipo, kwamba Elezo ilisema lipo. Aliwauliza waliomzunguka kama kuna anayejua msimamizi wa makala ile ni nani, amwombe aitazame tena. Bi. Sikitu alimfunga blanketi shingoni, akamwambia atamtafuta. Usiku ule alikula ugali bila kujua ameula na nini.

Kesho yake alikwenda kwa mhandisi wa wilaya kuomba kizuizi kiwekwe barabarani. Mhandisi alikuwa mtu mpole, akamwonyesha sheria. Sheria ilimruhusu kuzuia daraja bovu. Daraja lililoanguka halikuwa na ubovu wowote uliobaki, alieleza kwa huzuni, hivyo mikono yake ilikuwa imefungwa. Zaidi ya hapo, wakubwa walikwisha kumwarifu kwamba lipo katika mapumziko ya kihandisi, na si adabu kuweka mawe na miiba mbele ya aliyepumzika.

Wakubwa wenyewe walifika wiki hiyo. Aliyeongoza msafara alikuwa Mheshimiwa Wilibaldi Kakorozya, Mratibu Mkuu wa Uwiano wa Maarifa, aliyekuja na magari mengi, yote yakaegeshwa mbali na mto. Aliwahutubia wananchi akiwa ameyapa mgongo maji, na wananchi, waliokuwa wameyaelekea, wakasikiliza.

“Ndugu zangu wa Mtokoma,” alisema, “kuna wapotoshaji wanaouliza kama daraja lipo. Mimi nawauliza swali la kitaalamu: daraja ni nini? Ni zege? Ni nondo? Huo ni mtazamo wa kikoloni. Daraja ni kile kinachomtoa mtu upande huu kumpeleka upande ule. Ndiyo maana kuanzia leo, kwa mujibu wa Elezo, mtumbwi ni daraja.”

Watu walipiga makofi, na wenye mitumbwi walipiga zaidi, kwa kuwa hapo hapo waligawiwa kofia za uhandisi. Makala ya “Daraja” ilikwisha kurekebishwa kabla hotuba haijaisha. Siku iliyofuata ilibidi makala ya “Mtumbwi” irekebishwe pia, kwani ilisema mtumbwi huelea, na daraja linaloelea lingezua maswali. Ikaandikwa kwamba mtumbwi husimama juu ya maji kwa nafasi mbalimbali.

Kisha Mheshimiwa Kakorozya alimwita Bi. Sikitu jukwaani. Alisema huyu ndiye mzalendo aliyeukataa uvumi wa Jongoo kwa neno la kitaalamu lisilojibika, “Hakuna chanzo.” Akamvisha Nishani ya Kalamu Tulivu, akamtaka aifunge makala ya Daraja la Mshikamano ili asiwepo wa kuigusa tena. Bi. Sikitu alitafuta uso wa Chikambo katika umati, akashukuru hakuuona. Aliifunga makala pale pale jukwaani, kwa simu aliyopewa, akisaidiwa na afisa aliyemshikia kidole.

Nishani aliiweka kabatini, nyuma ya sufuria kubwa la sherehe.

Huenda angenyamaza hivyo hadi kustaafu, kama wengi wetu tunavyofanya kwa afya ya familia zetu. Lakini mama yake, Bi. Nasemba, aliishi Nandete, safari ya nusu siku ng'ambo ya Kitelewasi, na alikuwa na presha ambayo daktari wake alikuwa Mtokoma. Akapiga simu kusema amepata nafasi kwenye gari la padri, Ijumaa ya wiki ijayo wangekuja moja kwa moja, tena alfajiri, maana padri alipenda kuendesha kabla ya jua. Bi. Sikitu akamwambia asije, daraja limeanguka.

Mama akauliza ni nani aliyemwambia.

“Nimeona kwa macho yangu, mama.”

“Umeona,” mama alisema. “Si wewe unayetwambia kila Krismasi kuwa kuona si chanzo? Padri amesoma kwenye hiyo Elezo yako, lipo, imara, na jina lako liko chini. Nimewaringia wenzangu kanisani. Sasa nimwamini Sikitu yupi, wa simu au wa kwenye maandishi?”

Bi. Sikitu alijaribu kueleza, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo mama alivyozidi kuhisi kwamba mwanawe hataki kutembelewa. Simu ilikatika kwa hisia. Alikaa kitini akiwa bado ameishika. Kwa mara ya kwanza aliyahesabu maneno ya makala ile kama mawe yake ya shaba, akaona yote yalikuwa mepesi, na kwamba aliyebandika risasi chini ya mizani ni yeye.

Alifungua kompyuta, akaenda kwenye ukurasa wa mazungumzo wa Jongoo wa Kitelewasi, mahali alipokuwa akiacha maonyo tu. Akaandika: “Ulikuwa sahihi, nikakufuta. Mama yangu anakuja Ijumaa kwa barabara yako. Nisaidie.”

Jibu lilikuja haraka, nalo halikuwa na “ndugu mhariri mwenzangu” popote. Jongoo alisema jina lake ni Anzuruni Likwati, bwana mifugo mstaafu, na kwamba kila alfajiri yeye na majirani hupeana zamu ya kusimama barabarani na shuka jeupe kuyarudisha magari. Tatizo ni kwamba polisi wamewakataza, kwani kupunga shuka mbele ya daraja imara ni kueneza hofu. Tayari jirani yake mmoja alikuwa mahabusu na shuka lake.

Wakaanza kutafuta. Walichohitaji ni chanzo, na chanzo hicho kitoke serikalini, la sivyo kingefutwa kabla wino haujakauka, ingawa wino wenyewe haukuwepo. Walipekua hotuba, taarifa, salamu za pongezi. Serikali ilikuwa imeandika juu ya kila kitu isipokuwa kilichotokea. Kisha Mzee Anzuruni akakumbuka kwamba, kama bwana mifugo mstaafu, bado alikuwa akiletewa jarida la Wizara ya Kilimo, ambalo alilitumia kufunikia mitungi. Akaenda jikoni, akafunua mitungi mmoja mmoja.

Jarida lilikuwa na makala ndefu ya kuwatetea wataalamu wa wizara, ambao mji mkuu uliwalaumu kwa upungufu wa vitunguu. Wizara ilijibu kwa ukali kwamba vitunguu vililimwa vya kutosha kabisa. Upungufu, ilisema, umetokana na shehena kuzama katika mto Lukwika baina ya Mtokoma na Kitelewasi, “mahali ambapo kwa sasa hakuna njia ya kuvukia magari, jambo lisiloihusu Wizara hii.”

Bi. Sikitu aliisoma sentensi hiyo kwenye picha aliyotumiwa, akasikia kitu kama harufu ya mkate. Makala ya daraja ilikuwa imefungwa. Ile ya mto ilikuwa inalindwa. Lakini makala ya “Kitunguu” ilikuwa wazi kama shamba. Chini ya kichwa “Usafirishaji” aliandika kwamba vitunguu kutoka nyanda za juu havifiki mji mkuu, kwani baina ya Mtokoma na Kitelewasi hakuna njia ya kuvukia magari, na lori lililojaribu lilizama. Akaweka chanzo: Wizara, jarida, ukurasa. Kisha akampigia padri wa Nandete, akamwomba kwa unyenyekevu asome habari za vitunguu.

Padri alisoma. Ijumaa hiyo gari halikutoka. Mama alipiga simu kusema kwamba ameambiwa safari imeahirishwa kwa sababu za kilimo, na kwamba presha yake inaendelea vizuri, isipokuwa anapoongea na watoto wake.

Habari ilienea kama mafuta kwenye karatasi. Madereva wa malori wakaanza kuulizana vituoni, “Umesoma vitunguu?” na aliyekuwa hajasoma aliegesha kwanza. Katika muda mfupi makala ya “Kitunguu” ikawa inasomwa kuliko makala ya Rais, ambayo kwa kawaida ilisomwa kwa amri. Hapo ndipo Mratibu Mkuu alipoarifiwa.

Bi. Sikitu aliitwa mji mkuu mbele ya Bodi ya Uwiano wa Maarifa. Alikwenda kwa basi, akiwa amevaa gauni la kazini na amebeba mkoba wake wa mawe, kwa sababu bila huo alijiona mwepesi. Wajumbe walikaa nyuma ya meza ndefu, wakiwa na sura za watu waliofungiwa ndani na fumbo. Wakisema vitunguu havikuzama, Wizara ya Kilimo itakuwa imesema uongo, na waziri wake alikuwa shemeji wa Rais. Wakisema vilizama, basi vilizama wapi, daraja likiwepo? Mjumbe mmoja alipendekeza ifungwe makala ya kitunguu. Mwenzake akauliza watamwelezaje shemeji kwamba maneno yake yamefungwa. Mwingine akapendekeza ifutwe herufi K.

Mheshimiwa Kakorozya aliweka miwani mezani.

“Bi. Sikitu,” alisema, “tulikuvisha nishani. Uliandika haya kwa nia gani?”

“Nia haina chanzo, Mheshimiwa. Nimeweka maneno ya Wizara tu.”

“Unajua kwamba watu wanayasoma haya wakielewa jambo jingine?”

“Wanaelewa kwamba mto una maji,” alijibu. “Kama kuna kanuni niliyovunja, nionyesheni. Mimi mwenyewe nimeitafuta.”

Waliitafuta mpaka chakula cha mchana, wasiione. Mwishowe walimvua usimamizi kwa kosa la kutumia kanuni kwa namna inayoeleweka, wakamtaka arudishe nishani. Alisema ipo nyuma ya sufuria, watume mtu. Njiani kurudi alitazama mashamba yakipita dirishani, akajisikia kama aliyevuliwa kiatu kilichombana kwa miaka, ingawa alijua pia kwamba kuanzia jioni hiyo hatakuwa na la kufanya, na hilo lilimliza kidogo, akageuza uso asionekane.

Lakini mji mkuu hauwezi kuishi bila vitunguu. Pilau zilipikwa nyeupe. Bunge likakutana kwa dharura. Waheshimiwa hawakuweza kupitisha ujenzi wa daraja, kwa kuwa daraja lilikuwepo, na kujenga la pili pahala pa la kwanza kungekuwa ubadhirifu. Walichoweza kupitisha, tena kwa kauli moja na kwa kuimba, ni Ghala la Taifa la Vitunguu, Tawi la Lukwika. Ramani ilichorwa na mhandisi yule yule mpole wa wilaya. Ghala lilikuwa refu na jembamba, halikuwa na kuta wala paa, kwa sababu vitunguu hupenda hewa. Lilikuwa na sakafu ya zege yenye uwezo wa kubeba malori. Lilianzia Mtokoma na kuishia Kitelewasi.

Siku lilipofunguliwa, Bi. Sikitu aliingia ghalani kwa mlango wa upande wake, na Mzee Anzuruni kwa mlango wa upande wake. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti nzito, tofauti kabisa na alivyoandika. Walisalimiana kwa mikono yote miwili. Wakasimama kuyatazama maji kwa muda, na kwa adabu kubwa hakuna kati yao aliyetaja mahali ghala lilipo.

Kulikuwa na sharti moja tu. Ghala ni la vitunguu, na mlinzi mwenye sare alisimama kila mlango kuhakikisha haingii mtu asiye na shughuli na vitunguu. Kwa hiyo kila anayevuka hubeba kimoja. Wauguzi hubeba, wanafunzi hubeba, maharusi hubeba kwenye shada. Malori ya saruji hutundika kimoja kwenye kioo cha mbele. Mlinzi hukitazama, hupiga saluti, huwapisha.

Wiki iliyofuata gari la padri likawasili kutoka Nandete, likasimama mlango wa Kitelewasi. Bi. Sikitu alikuwa amevuka kumpokea mama yake. Bi. Nasemba aliteremka na fimbo na kikapu, akalitazama ghala kutoka mwanzo hadi mwisho wake, akatazama na maji chini yake. Bi. Sikitu akamwekea kitunguu mkononi.

Mama alikigeuza, akakinusa.

“Hiki ni cha kupikia,” aliuliza, “au ni cha kupitia?”

“Cha kupitia, mama.”

Bi. Nasemba alitikisa kichwa, akamshika mwanawe mkono, na kitunguu akakiinua juu ili mlinzi akione vizuri.